Lori Ndani ya Karai

Nilipotoka bafuni, taulo begani, mama alikuwa amelizamisha lori la jeshi ndani ya karai, analisugua kwa mswaki.

Povu lilikuwa limefika madirishani. Turubai lilikwisha kuvuliwa, likafuliwa, likaanikwa kambani kwa kibanio kimoja katikati ya soksi zangu, kama fulana ya mtoto mchanga. Na yale maji! Yalikuwa mekundu kama chai ya strungi iliyokolea majani. Ndani yake kilizunguka kila kitu nilichokifanya kwa majuma matatu: udongo wa Saboti niliouchekecha kwa soksi ya nailoni, kutu niliyoisaga kutoka kwenye tofali, masizi ya koroboi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naosha rori," akasema bila kugeuka. "Kwani ulitaka tuingie kwa watu na rori ya matope? Watu wa Bungoma waseme sisi huku hatuna maji?"

"Hayo matope niliyaweka mimi!"

Hapo akageuka. Mama yangu, Gladwell, ni mtu ambaye hufagia njia hadi mahali inapogeuka kuwa ya jirani, halafu humfagilia jirani pia. Alinitazama kama anayetafuta homa kwenye uso wa mtoto.

"Uliweka matope," akasema polepole, "kwa zawadi ya wakwe."

"Ndiyo."

"Na mkono wako."

"Na brashi, mama. Brashi ndogo."

"Yesu," akasema, akarudi kusugua. "Na hii kutu hapa kwa bampa haitoki. Nimejaribu hata na jivu."

Majirani walishajaa kwenye ua. Sisi kwetu mtu hapigi kelele mara mbili bila kupata watazamaji. Na saa mbili baadaye Mwalimu Gicheru angepiga honi langoni, tupande pikapu yake hadi Bumula, kwa Mzee Mukhwana, ambaye alikuwa amekataa kunipa binti yake mpaka aone kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Hadithi hii watu huisimulia kuanzia hapo kwenye karai, wakanifanya mimi kichekesho na mama shujaa. Mimi mwenyewe naianzia mbali kidogo.

*

Mwaka wa elfu mbili na tano nilikuwa kinyozi Kitale, kibanda cha mabati nyuma ya soko. Kiti kimoja cha kunyolea, mabenchi mawili ya kungojea, na watu kumi na watano ambao hawakuja kunyolewa. Hao ndio waliokuwa shule yangu. Ile nyingine niliiacha kidato cha pili. Pale kwangu ungejua nani amenunua trekta kwa mkopo, nani ameokoka kwa sababu ya mke wa mtu, na mahindi ya nani yameota bila mbolea. Mimi nilinyoa na kusikiliza, na kibanda kikiwa tupu niliugua. Kweli kabisa. Siku ya mvua, wateja wasipokuja, kichwa kilinigonga.

Siku moja Jerono, aliyekuwa akiuza mitumba mkabala na mimi, alifungua robota la nguo za watoto akakuta boksi. Akanirushia. "Kibe, chukua. Wewe na mambo yako ya ajabu."

Ndani mlikuwa na kifaru cha vita. Si kifaru kizima, bali vipande mia na kitu vya plastiki vilivyoshikana kwenye vijiti kama maharagwe kwenye maganda, na karatasi ya maelezo yenye maandishi ambayo hata Mwalimu Gicheru hakuyatambua. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alikuja kwangu kila siku kunyolewa kichwa ambacho hakikuwa na nywele. Tulifuata picha tu. Kipande namba moja na namba mbili, gundi, puliza. Nilikata kwa wembe wangu wa kazi, nikasafisha kingo kwa tupa ya kucha. Wateja wakawa wananishikia gurudumu mkono mmoja, gazeti mkono wa pili. Kilipokamilika, mzinga ukigeuka kulia na kushoto, kibanda kilipiga makofi hadi watu wa sokoni wakadhani kuna bao limefungwa.

Mwalimu ndiye aliyeniharibu. Alikwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, akachapisha kurasa za wazungu wenye uraibu huohuo, akaniletea zikiwa bado na joto la mashine. Tulizisoma kwa zamu. Kumbe kule mtu hujenga gari lake, akalipaka rangi safi, halafu akakaa mwezi mzima analichafua! Anachovya kipande cha sponji kwenye rangi nyeusi, anagusagusa kingo, zionekane zimechubuka. Anamimina rangi nyepesi kama maji, ishuke kwenye mashimo ya misumari ikae huko kama jasho. Anachukua brashi, anaifuta kwenye gazeti hadi ikaribie kukauka, kisha anapitisha juu ya vichwa vya bolti, na bolti zinatokeza kana kwamba zimeitwa majina.

"Ati analichafua?" Jerono aliuliza.

"Analizeesha," nikasema. Neno lilinitoka tu, na likabaki kuwa letu.

"Sasa wewe," Jerono akasema, "mtu akikuja na kichwa unampunguzia miaka, gari likikuja unaliongezea. Uko na kazi gani hasa duniani?"

Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo watu wakawa wananisalimu hivyo: niaje Kibe, leo unazeesha nini? Mimi nilikuwa nimepagawa. Kinyozi, kumbe, ana kila kitu! Wembe, ndio huo. Spiriti ya kuyeyushia rangi, ndiyo hiyo kwenye rafu. Brashi ya shingo, laini kuliko yoyote dukani. Sponji niliinyofoa kwenye godoro langu mwenyewe. Na vumbi? Poda. Poda ileile ninayompaka mteja kwenye kisogo, ukiichanganya na udongo kidogo na spiriti, ikikauka inakuwa vumbi la barabara hata unataka kupiga chafya.

*

Phelista aliuza dawa za mifugo katika duka la kona. Soko lote lilijua nampenda kabla yeye hajajua, na lilimwambia. Alikuja mwenyewe kibandani, akakaa benchi la wateja katikati ya wanaume tisa, akasema, "Nasikia uko na neno."

Nikamwonyesha kifaru. Alikiinua hadi machoni, akageuza, akanusa. "Baba yangu angeona hii," akasema, "angeuliza kwa nini mnyororo wa kushoto umelegea."

Baba yake alikuwa Mzee Mukhwana wa Bumula, dereva wa lori la jeshi kwa miaka kumi na tisa. Bedford. Phelista alikua akisikia jina la lile lori kuliko la shangazi zake. Alipokwenda nyumbani kunitaja, mzee aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kijana ni wa wapi? Saboti, wazazi walitoka Nyeri. Sawa, hata huko kuna watu. La pili, anafanya kazi gani?

"Kinyozi," Phelista alisema.

Mzee alimaliza chai yake, kisha akatamka maneno ambayo Phelista aliniletea jinsi yalivyo, hakupunguza hata nukta:

"Kinyozi anatengeneza nini? Kila kitu anafanya, kinaota tena. Mwambie akuje na kitu ametengeneza na mkono wake, kitu haioti. Nikiiona, tutaongea. Nisipoiona, asipoteze mafuta ya watu."

Nilicheka mbele ya Phelista. Alipoondoka, sikucheka. Nilitazama nywele zilizolala sakafuni, za asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kazi yangu kama mzee alivyoiona: kitu cha kufagiwa.

Basi nikaamua kumjengea lile lori.

Hakukuwa na boksi la Bedford katika robota lolote, kwa hiyo nilianza na hewa. Phelista aliniletea kwa siri picha moja, nyeusi na nyeupe, mzee akiwa kijana ameegemea boneti. Kutoka kwenye picha hiyo nilipata kipimo: mtu mzima awe na urefu wa kidole changu cha shahada. Kila kitu kilipimwa kwa yule mtu wa kidole. Je, mlango huu ataupita? Ngazi hii ataifikia? Mabati ya bodi yalitoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, matairi nikayachonga kwenye soli ya patipati, kashata kwa kashata kama tairi halisi. Vioo vilikuwa chupa ya maji. Turubai lilikuwa foronya niliyoichovya kwenye gundi ya mbao iliyotiwa maji, nikaivalisha ikiwa mbichi ili mikunjo ilale yenyewe. Rangi ya kijani nilipewa na wapiga rangi wa magari, rangi halisi ya gari, ngumu kama jino.

Lilipokuwa jipya mama aliliona. Alilisifu, akaliombea. Kisha nikalirudisha kibandani nikalizeesha kwa majuma matatu, mabenchi yote yakinisaidia kwa mdomo. Ongeza matope kwa gurudumu la nyuma! Punguza! Dereva wa jeshi hawezi kuacha kioo hivyo! Nikalifunika, nikalileta nyumbani siku ya Ijumaa jioni, nikaliweka mezani, nikalala kama mfalme.

Mama aliamka mapema, akafunua kitambaa. Yeye aliwaza kwamba wale walevi wa kibandani wamemharibia mtoto zawadi.

*

Kwa hiyo hakukuwa na la kufanya. Honi ikalia langoni. Nililifuta lori, nikavalisha turubai lililokuwa bado na unyevu na harufu ya sabuni, nikalitia katika katoni. Kutokana na mazoea tu nikabeba pia mkoba wangu wa kazi. Mimi siendi mahali bila mkasi na poda, kama vile kasisi asivyoenda bila kitabu.

Mwalimu Gicheru aliendesha, mama katikati, mimi dirishani na katoni magotini. Mwalimu ndiye aliyekuwa msemaji wetu, amevaa koti la harusi yake mwenyewe. Tulipofika Bungoma alisimamisha gari, akafunua katoni, akachungulia, akaifunika tena taratibu.

"Limekuwa jipya," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Linafanana na la kuchezea."

Mama alikuwa akitazama mbele, mkoba wake umekumbatiwa. "Safi ni safi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Boma la Mzee Mukhwana lilikuwa limejaa. Wajomba, majirani, nusu ya kwaya, watoto, kuku. Siku nyingine yoyote ningeona niko peponi. Phelista alikuwa mlangoni na leso mpya, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye katoni. "Mulembe, mulembe," salamu ikapita mkono kwa mkono. Nilipofika kwa mama yake, Dinah, nikanyoosha mkono wangu wa sokoni, mrefu na mchangamfu, na yeye akarudi hatua mbili nyuma akifunika mdomo. Phelista akanifinya. Kwao mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe, humheshimu kwa umbali. Wajomba walicheka hadi wakakohoa.

Mzee Mukhwana hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mvi fupi, shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali. Aliketi kama aliyeamriwa kuketi.

Tulikula kwanza. Mwalimu Gicheru akaongea, akazunguka, akapanda mlima Elgon akashuka, akafika kwenye kondoo aliyepotelea boma hili. Mzee akainua mkono.

"Mwalimu, asante. Kinyozi amekuja na nini?"

Nililitoa lori nikaliweka mezani. Chumba kilivuta pumzi pamoja, ile *aaa* ya watu kuona kitu cha ajabu. Mlango ulifunguka, usukani ulizunguka na magurudumu ya mbele yakafuata. Watoto walisukumana. Mjomba mmoja alisema kama lingekuwa na injini angebebea miwa.

Mzee alilitazama. Hakuligusa. Alizunguka meza mara moja, polepole, mikono mgongoni, kama ofisa anayekagua gwaride.

"Nani aliosha hii rori?" akauliza.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika pindo la kitambaa chake cha kichwa, akilikunja na kulikunjua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiogopa mtu.

"Mimi, mzee," nikasema.

"Uongo," mama akasema, akasimama. "Ni mimi nimeosha hiyo rori. Yeye alikuwa ameweka matope, mwezi nzima anaweka matope, mimi nikadhani ni uchafu. Kama kuna makosa ni yangu. Kijana alikuwa ameifanya vizuri."

Na hapo, Mungu anisamehe, katikati ya ule wasiwasi, mimi nilisikia kitu kimoja tu: mzee alisema *rori*, na mama alisema *rori*. Mwalimu, aliyesahihisha lugha miaka thelathini, alifumba macho. Mimi nikajisemea, hawa wawili hawatashindwa kuelewana.

"Matope ya wapi?" mzee akamuuliza mama.

"Ya kwetu. Saboti. Nyekundu, hiyo ya kushika nguo."

Mzee akageuka kwangu. "Uliweka rori yangu matope ya Kitale?"

"Ndiyo, mzee."

"Rori yangu haikuwahi kufika Kitale. Miaka kumi na tisa. Garissa, Wajir, Mandera, kurudi Garissa. Matope nyekundu ningeiona hapo mlangoni, ningekuambia beba rori yako, hii ni ya mtu mwingine." Akamtazama tena mama, na kona moja ya mdomo wake ikasogea. "Mama Kibe, ulifanya vizuri kuosha."

Nyumba ililipuka. Mama alikaa chini ghafla kama gunia, kisha akaanza kutazama huku na huku, kidevu juu, akihakikisha kila mtu amesikia. Mpaka leo anahakikisha.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alivuta kiti, akakaa mbele ya lori, na kwa mara ya kwanza akaligusa, kidole kimoja kwenye matagadi juu ya gurudumu.

"Vumbi ya huko ni nyeupe," akasema. "Nyeupe, na ndani kuna majivu kidogo. Inaingia hadi kwa meno. Unaweza?"

Ningefanya nini ila kufungua mkoba?

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya saa iliyofuata. Tulihamia nje, meza ikawekwa uani kwenye jua, na boma zima likaizingira. Nikamwaga poda yangu ya shingo kwenye kifuniko cha sufuria. "Jivu!" nikaita, na watoto watatu wakakimbilia jikoni. "Udongo mweupe!" na mjomba wa miwa akaleta mchanga wa njiani ndani ya kofia yake. Mama Dinah hakuweza kunipa kitu mkononi, kwa hiyo alikuja na chungu cheusi, akakiweka chini umbali wa hatua nne, akarudi nyuma. Nami nikakiendea, nikakwangua masizi ya kupaka bomba la moshi la lori, nikasema asante kwa kichwa. Phelista alichekecha. Mama yangu, aliyeliosha asubuhi, alishika brashi akauliza, "Hapa niweke?" na nilipomwambia aweke akaweka kwa woga, kama mtu anayetukana kanisani.

Mzee alikuwa anatoa amri. "Nyuma zaidi. Gurudumu ya nyuma inakula vumbi ya mbele. Hapo kwa ngazi futa, buti yangu ilipita hapo. Mlango ya dereva, karibu na kishikio, rangi ilikuwa imeisha. Kiwiko." Alionyesha kwa kiwiko chake mwenyewe, akikiegesha juu ya dirisha lisilokuwapo. Nikachovya sponji, nikagusa, nikagusa tena. Poda ilishuka kwenye mikunjo ya foronya. Lile lori la kuchezea likaanza kuondoka mbele ya macho yetu, na mahali pake likaja gari lililotoka mbali.

Nikafika kwenye vioo. Cha dereva nilikifunika vumbi, nikaacha upinde uliofutwa na waipa. Nikainua brashi kuelekea cha kushoto.

"Hapo hapana."

Brashi ikasimama.

"Hiyo iwe safi kabisa," mzee akasema. "Waipa yake ilikuwa imeharibika. Kila tukisimama, Wekoye anashuka, anafuta na shati. Ko-dereva wangu. Alikuwa hawezi kukaa bila kuona njia. Mtu wa kupenda habari, kama wewe. Anataka kujua ni nani huyo anapita na ngamia, anaenda wapi, ameoa nani." Alitabasamu. "Vumbi imejaa kila mahali, lakini hiyo kioo unaweza kujiona."

"Na sasa yuko wapi?" mama akauliza, kwa sababu mama huuliza.

Mzee alitazama kioo.

"Alibaki Wajir," akasema.

Kuku alipita chini ya meza. Wajomba wakainamisha vichwa. Nililamba kidole gumba, nikakifuta kioo cha kushoto, nikakifuta tena hadi kikawaka jua.

Mzee akasimama. Nilidhani anaingia ndani. Badala yake alivuta kigoda, akakiweka mbele yangu, akaketi, akafungua kifungo cha juu cha shati na kuinamisha kichwa.

"Ninyoe," akasema.

Mikono yangu ilikuwa myeupe kwa poda. Nikaipangusa kwenye suruali, nikatoa mkasi na kitana.

"Afande, poda imeisha."

"Poda iko kwa rori. Ninyoe tu." Kisha, akiwa ameinama, kwa sauti ambayo nadhani Phelista alipaswa kuisikia zaidi yangu, akasema, "Zikiota, utarudi."

*

Ziliota, na nilirudi. Kila wiki tatu, miaka kumi na moja. Kitale hadi Bumula na mkoba begani, baadaye na mke, baadaye na watoto watatu wanaopigania dirisha.

Lori lilikaa kwenye rafu juu ya redio. Mzee alitangaza amri moja kuhusu hilo, na ilihifadhiwa kuliko zile za Musa: hakuna kufuta vumbi hapo. "Hiyo vumbi iko kazini," alisema. Basi vumbi la Bumula likaja likalala juu ya vumbi la Wajir, mwaka juu ya mwaka, moshi wa jikoni ukakaa kwenye turubai, na buibui mmoja akafunga nyuzi kati ya tairi na ngazi. Mimi niliyelizeesha nikafika mahali sikuweza tena kutenganisha kazi yangu na kazi ya wakati. Ila kioo kimoja tu. Nikija kunyoa nilikikuta safi, na sikumwona mzee akikigusa hata siku moja.

Tulimzika mwezi wa nane, mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Siku ya matanga nyumba ilijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Hata mzee mwenyewe angeona ni wengi. Mama yangu alikuja kutoka Saboti na mkongojo wake. Aliwapa watu mkono, akalia kidogo, akalaumu namna sufuria zilivyooshwa. Halafu nikamwona akielekea kwenye rafu, akifungua kitambaa cha kichwa.

Phelista alinishika mkono. Mama Dinah, upande wa pili wa chumba, alisimama nusu. Mazungumzo yakafa kuanzia karibu kwenda mbali.

Mama aliinama mbele ya lori, pumzi yake ikipeperusha poda kidogo. Alitia mate kwenye ncha ya kitambaa. Akafuta kioo cha kushoto, taratibu, pembe hadi pembe. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama kama kimeshika mwanga.

Kisha akajifunga kitambaa chake, akatafuta mahali pa kukaa, na akauliza kama chai iliisha au ni yeye tu amesahauliwa.